Kikohozi cha Tergel

Jiko lilikohoa tena asubuhi ile, na bibi Tsendsuren akaacha kukoroga chai. Mara mbili kavu, kisha moja ya kuvuta, vilevile kama alivyokuwa akikohoa mjukuu wake Tergel kabla mapafu hayajamshinda msimu wa baridi uliopita. Tangu mtoto azikwe, kila makaa ya mawe yaliposhika moto, sauti yake ilitoka humo ndani. Bibi hakumwambia mtu.

Nje, moshi wa mahema yote ya Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, ulikuwa umelalia mlima, hata jirani humwoni. Mkwewe, Oyunbileg, mama yake Tergel, aliingia akisukuma hita ya umeme kwa goti, begani kabeba blanketi nzito za sufu za kulivika hema tabaka la pili. Serikali ya mtaa iliwagawia bure walioomba, kwa sharti moja: jiko litoke.

"Mama, mafundi wanakuja saa sita. Leo sitaki hadithi."

"Moto huu nilikabidhiwa na mama mkwe wangu, naye na wake. Ukizimika, nyumba imekwisha."

"Nyumba inakwisha kwa kuzika watoto, si kwa hita."

Maneno yalimchoma bibi. Msimu ule ni yeye aliyekuwa akilishindilia jiko makaa, akidhani anampa mtoto joto.

"Kumbe unanilaumu."

"Ningekulaumu ningeshahama, mama. Mtazame huyu."

Namuun, bintiye wa miaka mitano, alikohoa chini ya blanketi. Mara mbili kavu, kisha moja ya kuvuta. Jiko likafuatia. Kisha mtoto tena. Bibi hakuweza tena kutofautisha yupi ni yupi.

Oyunbileg alipotoka kuwapokea mafundi, bibi aliinama. "Namuun, unamsikia nani?"

"Tergel. Ananikoholea, na mimi namjibu."

Bibi aliogopa kuliko siku ya mazishi. Kwa mila zao moto haumwagiwi maji, ni utovu wa adabu. Alichovya kidole cha pete kwenye maziwa, akaurushia moto matone matatu ya kuuaga, na hakuongeza kaa hata moja.

"Nenda, babaangu," alinong'ona. "Mwenzio mwache."

Kikohozi kilififia pamoja na makaa, kikawa pumzi, kikakoma. Mafundi walilitoa jiko likiwa bado vuguvugu, wakaziba tundu la dohani, wakazungushia hema zile blanketi. Kufika alasiri Namuun alikuwa amelala bila kukohoa, mashavu mekundu kwa joto la hita.

Bibi alilia kwa sauti.

"Nini tena, mama? Unasikia baridi?"

"Nasikia joto. Hili lingemfaa na yeye." Akashindwa kujizuia. "Mwanao alikuwa mle ndani ya jiko, Oyunbileg. Nilikuwa namsikia akikohoa kila siku, na leo nimemfukuza."

Oyunbileg alikaa chini kando yake, taratibu, kama mtu aliyebeba mzigo siku nzima.

"Hata mimi nilikuwa namsikia," alisema. "Unadhani kuomba hii hita kulikuwa rahisi?"