Zulia la Chini ya Meza

Bakuli la wali lilipotua mezani, kiti cha karibu na mlango wa jikoni kilijivuta nyuma. Kilikwaruza vigae kwa ile sauti yake ya kutia meno ganzi, kikaacha nafasi ya kumtosha mtu mmoja, kikatulia.

“Kimeanza,” akasema mama mkwe, akajipakulia.

Pacha hawakuinua hata macho. Walikuwa wakigombania paja la kuku.

Kiti kilikuwa na tabia hiyo kwa miaka. Fundi seremala alishaitwa, akakipindua, akakigonga kila mguu, akasema ni kizima kabisa, akapewa nauli. Watu wa nyumba ile wakakizoea, kama watu wanavyozoea bomba linalovuja. Aliyeshindwa kukizoea ni jirani wa chini, mwalimu mstaafu, ambaye kila mchana alipanda ngazi amevaa kandambili na uso wa usingizi.

“Kiti kijivute tu, sina neno,” alisema siku hiyo mlangoni. “Kiti ni chenu. Mimi ule mkwaruzo ndio unanimaliza. Tieni zulia, jamani.”

Ndipo mjadala wa zulia ulipoanza, na nyumba ikakosa utulivu wiki nzima. Mama mkwe alilitaka, kwa sababu vigae vilimgandisha nyayo. Pacha walilitaka, kwa sababu yoyote ile. Baba Pacha, ambaye ni mpima ardhi na hanunui hata ndoo bila kuizungushia futi, alisema suala linahitaji vipimo.

Mama Pacha peke yake alikataa. Alikataa akiwa amesimama, sahani mbili mkononi.

“Mezani watu wanamwaga. Mchuzi, punje, maji. Zulia linakunywa kila kitu. Nani atalisafisha?”

“Si upo?” akajibu mumewe.

Hakusema kwa ubaya. Ubaya ungekuwa nafuu, maana unajibika.

Mchuzi ulikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba Mama Pacha aliupenda ule mkwaruzo. Katika nyumba ile kila aliyemwita alikuwa na haja: chumvi, kisu, kitambaa, soksi ya pili. Kiti peke yake kilimwita bila kumtuma. Tangu aolewe alikuwa kiguu na njia kati ya jiko na meza, na chakula chake alikila wima kando ya sinki, juu ya kifuniko cha sufuria. Kila siku alijiambia, nikimaliza hiki tu, nakaa. Kiti kilimwamini. Kila siku kilijivuta.

Jumamosi Baba Pacha akatoa futi yake ya kazini. Zulia, alieleza, lazima lipite viti hata vikivutwa, la sivyo miguu ya nyuma itakuwa inaanguka ukingoni. Akamkalisha mama yake, akamwambia ajisukume nyuma kama aliyeshiba. Akawakalisha pacha. Akajikalisha mwenyewe. Kila mahali mguu wa kiti ulipofika alichora alama kwa chaki.

“Mama Pacha, shika ncha hapo. Usisogee.”

Hakusogea. Ilikuwa mara ya kwanza kuombwa hivyo, na miguu yake haikujua ifanye nini.

Walipofika upande wa jikoni, kiti kikajivuta kidogo. Baba Pacha akakirudisha ndani kwa goti.

“Hiki hakina mtu,” akasema, akachora alama.

“Na mimi?”

“Wewe vipi?”

Mama Pacha akaitazama ncha ya futi iliyokuwa kidoleni mwake.

“Basi. Imekuja ngapi?”

Zulia lililetwa Jumanne, nene, la kijivu, rangi iliyochaguliwa na mama mkwe ili isionyeshe uchafu. Wakalitandaza na kukaa kula. Bakuli likatua. Kiti kikajivuta nyuma juu ya manyoya, kimya kabisa, mpaka miguu yake ya nyuma ilipofika ukingoni na kushuka juu ya kigae: ta. Mtu mmoja tu alisikia.

“Zulia limekitibu,” akasema mama mkwe.

Huko chini mwalimu mstaafu alikuwa akikoroma kwa raha zake.

Mama Pacha alikishika kiti mgongo. Moyo ulimwenda mbio, na hakuona sababu ya kuuficha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama. Akafuta mikono kwenye kanga. Akazunguka, akakunja magoti, na kwa hakika mto wa kiti ulishamgusa.

“Mama, maji,” akasema pacha mmoja.

“Na limau, kama unakwenda,” akasema mumewe.

Akainuka. Alikula jikoni, wima, akikiona kiti kupitia mlangoni: nusu juu ya zulia, nusu nje, kimeinama nyuma kidogo.

Waliposhiba walitawanyika. Akapiga magoti kuokota punje za wali zilizozama ndani ya manyoya, moja moja, kwa kucha, kwa kuwa ufagio haukuziweza. Aliizunguka meza yote hivyo. Alipofika upande wa jikoni, kiti kikasogea pembeni, taratibu, kumpisha.

“Asante,” akakiambia, akaingiza mkono pale kilipokuwa, akaendelea kuokota.