Kurasa Zilizoshonwa

Filamu ilikuwa mbovu tangu dakika ya kwanza. Nalisema hili bila kuuma maneno, kwa sababu mimi ndiye niliyewapa kitabu.

Marehemu baba alikuwa mwalimu, na maishani mwake aliandika riwaya moja tu. Ilimtosha. Vizazi viwili viliisoma shuleni, vikaichukia kwa ajili ya mitihani, kisha vikaipenda ukubwani. Ni hadithi ya mwalimu na mkewe mshonaji, ambao mtoto wao wa kwanza anakufa kwa homa siku ya mvua kubwa. Kila msomaji alijua kwamba mwalimu huyo ni baba, mshonaji ni mama, na mtoto ni dada yangu. Alikufa akiwa na miaka minne, mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Nikitembea na mama barabarani, watu tusiowajua walikuwa wakimsimamisha na kumpa pole ya msiba uliowazidi umri. Mama alikuwa akijibu, "Tumeshapoa," na kuongeza mwendo.

Mama anashona mpaka leo, kwenye chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi. Ana tabia moja ambayo wateja wake wameilalamikia tangu nikiwa mdogo: ukimwita, anasimamisha cherehani hapo hapo, hata kama sindano iko katikati ya nguo, na anakuja. Utotoni nilikuwa nikimchezea. Naita "Mama!" kutoka uani, cherehani inanyamaza, mama anatokea mbio na futi shingoni, nami sina shida yoyote, nacheka tu. Hakuwahi kunipiga kwa hilo. Nilidhani ni mapenzi, na sasa sijui niiteje.

Kitabu kilipoondolewa kwenye orodha ya shule, niliona kama baba anazikwa mara ya pili. Kwa hiyo mwongozaji wa filamu alipobisha hodi nilimpokea kama mkombozi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani ya jua ambayo hakuivua hata sebuleni. Mama akambandika jina la Bwana Miwani kabla chai haijapoa.

"Wafanye tu," mama aliniambia mgeni alipoondoka. "Mradi wafuate kitabu. Kilichomo kitabuni nimeshakizoea."

Maneno hayo niliyasikia vizuri. Sina pa kujifichia.

Wiki mbili baadaye Bwana Miwani alinifuata kazini. "Dada yangu, kitabu kila mtu anacho," alisema. "Mimi natafuta roho yake. Mzee hakuacha chochote cha mkono wake?"

Aliacha. Yalikuwepo madaftari manne makubwa kwenye sanduku chini ya kitanda changu. Mama sikumwuliza. Nilijiambia sitaki kumsumbua, na ukweli ni kwamba nilitaka sifa: siku moja aone jina la mumewe limejaa ukuta mzima, halafu nimwambie, ni mimi huyu.

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Kazi yangu ni gundi, uzi, kitambaa na mashine ya kukatia karatasi. Kitabu kilichochakaa kikija mezani, kwanza nafumua nyuzi zote kuukuu, nanyoosha kurasa, ndipo nashona upya. Na katika karakana yetu kuna mwiko mmoja: hatusomi. Mzee aliyenifunza alikuwa akisema mjalidi anayesoma ni sawa na mpishi anayeonja mpaka chungu kikabaki kitupu. Miaka ishirini na mitatu sijavunja mwiko huo.

Daftari la tatu lilikuwa na karatasi nne zilizoshonwa pamoja pembeni kote, kwa uzi mwekundu, mishono midogo iliyokazwa sana. Nikadhani karatasi zilikuwa zimelegea na mtu akazikamata asije akazipoteza. Nikachukua wembe nikafumua, kama ninavyofumua kila kitu. Nikaona mwandiko wa baba, ule uliosimama wima kama wanafunzi mstarini. Nikanyoosha, nikatoa nakala, nikampa Bwana Miwani. Sikusoma hata mstari.

Onyesho la kwanza lilikuwa saa tisa alasiri, kwa wageni waalikwa. Mama alivaa gauni jipya alilojishonea. Tuliketi safu ya tatu, na jina la baba lilipotokea ukutani alinifinya mkono. Hiyo ndiyo furaha yote tuliyoipata humo.

Kitabuni mwalimu anakaa kurasa kumi na moja akingoja mvua ipungue ili avuke kumfuata daktari. Kwenye filamu mvua ilinyesha kwa muda wa mtu kupiga chafya, halafu mwalimu akachomoa bastola na kumfukuza jambazi juu ya paa.

"Huyo ndiye baba yako?" mama alininong'oneza. "Baba yako alikuwa anamwita jirani aje amuulie mende."

Tulicheka hadi mtu wa mbele akageuka.

Kisha akaja mke wa mwalimu. Walikuwa wamemvika kanzu ya hariri, wamempa glasi ya pombe na mwanamume wa pembeni wa kumchekesha. Chumba cha pili mtoto alikuwa akilia, mlango umefungwa kwa kufuli. "Mama! Mama!" Mwanamke akainua uso, akasema kwa uchovu, "Ngoja nimalize mkono huu wa gauni." Akanywa.

"Gauni gani tena?" mtu mmoja nyuma yetu aliuliza, na wenzake wakacheka. Alikuwa na haki. Filamu nzima haikuwa na gauni la kushonwa wala cherehani. Walikuwa wameutoa ushonaji wote na kusahau kuutoa mstari ule.

Mama aliuondoa mkono wake mkononi mwangu. Alikaa wima hivyo mpaka taa zikawashwa, na Bwana Miwani alipokuja kumsalimu alimwitikia kwa adabu.

Tulipofika nyumbani kwake hakuvua viatu.

"Nani alifumua?"

"Alifumua nini, Mama?"

"Usinitie wazimu. Uzi mwekundu. Nani alifumua?"

"Ni mimi."

"Ukasoma?"

"Sikusoma."

Alinitazama kwa muda mrefu, akaona ni kweli, na nadhani hilo ndilo lililomchosha zaidi. Akaketi.

"Ilikuwa mchana," alisema. "Mvua inapiga bati. Baba yako amekwenda kumtafuta daktari. Nilikuwa na gauni la bibi harusi, linatakiwa jioni ile. Dadako alikuwa chumbani, nimetoka kumpangusa, homa imeshuka kidogo. Akaniita. Nikamwambia ngoja nimalize mkono huu. Akaniita tena, nikamwambia nakuja. Ya tatu nilisikia pia. Ya nne hakuita. Nikashukuru, nikasema amelala."

Akainama, akavua viatu.

"Baba yako nilimwambia mwenyewe, miaka miwili baadaye. Hakunilaumu. Akaliandika, akaniletea. Akasema, kulichapa siwezi na kulichana siwezi. Nikachukua sindano."

Nilipiga magoti mbele yake. Nilijaribu kumtuliza kwa kitu pekee nilichokuwa nacho, ule ubovu wa filamu. "Mama, yule si wewe. Yule ni mlevi, ni katili, hana hata cherehani. Hakuna mtu duniani atakayekufikiria."

"Ndicho kinachoniuma," alisema. "Wamempa pombe ili watu waelewe. Wakitoka pale watasema mama mwenye akili zake hawezi. Mimi nilikuwa na akili zangu, mwanangu. Nilikuwa nampenda. Nilikuwa nashona."

Kesho yake nikamletea daftari na uzi mwekundu, nikamwambia nitazishona tena kurasa zile, matundu yote yapo. Alilisukuma kando. "We si fundi? Utamshonea nani sasa?"

Siku nne sikuthubutu kwenda tena kwake. Magazeti yaliichanachana filamu, wapenzi wa kitabu wakalalamika kwamba baba ametukanwa, na mmoja akaandika kuwa hakuna mama wa namna ile. Nilikata kipande hicho nikakitupa.

Siku ya tano nilikwenda. Nilisikia cherehani tangu getini. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa umerudishwa, na huo sikuwahi kuuona umerudishwa. Nikasimama uani, pale pale nilipokuwa nikisimama utotoni.

"Mama!"

Cherehani iliendelea.

"Mama!"

Iliendelea, taratibu, bila kukatika, ikafika mwisho wa mshono. Nikasikia mkasi ukikata uzi. Nilisukuma mlango. Mama alikuwa ameinamia gauni jeupe, hakuinua macho.

"Nilikusikia," alisema, akachukua mkono wa pili.