Bao la Bi Hilwa

Bi Hilwa alipopatwa na kiharusi, mwanawe Zayd alimwajiri Caren, Mkenya kutoka Migori, amtunze katika nyumba yao ya ghorofani, mtaa wa Oud Metha, Dubai. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea. Maneno nayo yalimtoka kwa shida, na mara nyingi hayakumtoka kabisa. Zayd na mkewe Taghreed walishinda kazini, Caren akabaki na mgonjwa asiyesema, katika mji ambao hakuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Siku moja, akipangusa vumbi juu ya kabati, alikuta bao la mbao. Kwao walicheza ajua, mchezo unaokaribiana na huo, kwa hiyo akaliweka mezani na kuanza kugawa kete alivyojua yeye. Bi Hilwa akaudaka mkono wake.

"Sivyo," akasema.

Tangu hapo wakacheza kila alasiri. Bi Hilwa alijilazimisha kuchota kete kwa mkono ule mbovu, zikawa zinamponyoka na kutawanyika sakafuni. Taratibu vidole vikaanza kumtii. Maneno yakarudi, kwanza ya ubishi: "Mwizi we, rejesha kete zangu." Kisha akasimulia habari za marehemu mumewe, Soud, aliyemfundisha bao kule Unguja ili apate mtu wa kumfunga, na alipofungwa yeye akanuna, akasusa chakula. Caren alicheka mpaka machozi. Naye akamweleza habari za mtoto wake aliyemwacha kwa mama yake Migori, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote Dubai. Bi Hilwa akaanza kumwita mwanangu.

Daktari alishangaa. "Chochote mnachofanya, endeleeni nacho," alimwambia Zayd.

Zayd alifurahi kweli. Jioni akamwita Caren jikoni.

"Mama amepona, alhamdulillah. Umefanya kazi nzuri. Mwisho wa mwezi nitakukatia tiketi."

"Sir, hajapona. Ni kwa sababu ana mtu wa kucheza naye."

"Nimemnunulia tableti, bao limo humo humo. Khalas, Caren, yamekwisha."

Bi Hilwa alimsihi mwanawe, kisha akamgombeza. Zayd akambusu kwenye paji la uso. "Sikia hiyo sauti," akamwambia Taghreed, akitabasamu.

Caren akarudishwa Kenya. Haukupita muda mrefu Zayd akampigia simu. Mama hasemi tena, hali chakula mpaka alishwe, tableti hajaigusa. Yeye mwenyewe alijaribu kucheza naye, lakini kazi zilimzidi. Je, angerudi?

Caren alirudi. Sebuleni alikuta kamera ndogo ukutani, ambayo Zayd aliiweka ili akiwa ofisini amwone mama yake. Akaweka bao mezani. Bi Hilwa hakunyoosha mkono.

Alipopelekwa kuoga, mlango ukiwa umefungwa, ndipo alipomshika Caren shingoni.

"Nikipona watakuondoa tena," alinong'ona.

"Bibi, usipocheza mkono utakufa."

"Na ufe. Wewe ukae."

Caren alimbembeleza kila siku. Alifikiria kumwambia Zayd, akaogopa. Bi Hilwa aliuacha mkono ulale mapajani, akanyamaza mbele ya kamera, mbele ya mwanawe, mbele ya daktari. Bafuni tu ndiko walikozungumza, kwa sauti ya chini.

Kisha huko nako maneno yakaanza kumpotea. Asubuhi moja Caren alimpa sabuni aishike, ikaanguka. Bi Hilwa akavitazama vidole vyake, akajaribu kuvikunja, na safari hii hakuwa anajifanya.