Kitanda cha Hedimasta

Mume wangu hajui kutengeneza kitu chepesi. Kigoda chake kikikuangukia mguuni, wewe unakwenda hospitali na kigoda kinabaki kizima. Ni seremala wa tangu enzi hizo, na mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi pia namwita hivyo nikiwa sijakasirika. Nikikasirika namwita Mzee, na mwaka huu nilimwita Mzee mpaka nikachoka mwenyewe, kwa sababu ya kile kijumba alichokijenga mgongoni mwa pikapu yetu.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, siwezi kulikataa. Daktari wa macho alimwambia kwamba presha ya macho imeshamla sehemu ya nuru, na dawa zitaichelewesha tu. Akamruhusu kuendesha gari mchana, mwaka huu, basi. Mwakani ampe mtu mwingine funguo. Tulirudi nyumbani kila mtu na lake moyoni. Asubuhi yake nikamkuta Fundi amesimama uani, anaitazama ile pikapu kuukuu iliyotulelea watoto.

"Mama Hedi," akasema, "twende tukaipite ile barabara yetu mara moja tena. Mpaka mwisho, kwa Hedi."

Hedi ni binti yetu wa kwanza. Ameolewa huko barabara kuu inakoishia, mwendo wa siku kadhaa kwa mtu asiye na haraka. Nilikubali hata hajamaliza kusema. Kikwazo kilikuwa mgongo wangu, ambao hauivi kabisa na magodoro ya nyumba za wageni. Fundi akasema hilo dogo, atatujengea chumba nyuma ya gari, kama yale magari ya watalii yanayopita na kitanda na jiko juu yake.

"Cha plaiwudi," nikamwambia.

"Plaiwudi ni karatasi inayojidai," akanijibu.

Nilijua hapo hapo kwamba nimekwisha. Kuta alizijenga kwa mvule. Kabati mvule, mlango mvule, na meza ya kukunja ambayo kuikunja kulihitaji wanaume wawili walioshiba. Akaweka na pipa la maji na jiko la gesi. Watu walikuwa wanakuja kutazama jioni wakitoka kazini. Jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta aligonga ubao kwa kidole akauliza kama tunamsafirisha simba.

Mimi nilikuwa nanung'unika mdomoni tu. Moyoni nilishaanza kusafiri.

Ile barabara tuliizoea tukiwa maharusi wapya. Fundi alikuwa na karakana changa na mikono isiyotulia, na wateja wake wengi walikuwa wa mbali, miji midogo iliyojipanga kando ya barabara. Tulikuwa tunapakia vitanda kwenye pikapu hii hii, tunafunga turubai, tunaondoka. Usiku ukitukuta njiani hatukuwa na pa kulala, na gari limejaa vitanda. Sasa mtu afanye nini? Tulilala palepale, chini ya turubai, juu ya kitanda cha mteja. Kila mteja alidhani yeye ndiye wa kwanza kukilalia kitanda chake, nasi hatukuona sababu ya kumsahihisha. Mbao zilinukia vanishi, mvua ilipiga turubai, na tulicheka mambo ambayo leo sikumbuki hata moja. Nakumbuka kicheko chenyewe tu. Nilikuwa na furaha kubwa, na wala sikujua kwamba hiyo ndiyo furaha. Nilidhani ni ujana.

Safari moja tulibeba kitanda kikubwa kuliko vyote, cha hedimasta wa shule ya bweni, kule mwisho wa barabara. Asubuhi ya kumfikishia, tukiwa tumeegesha kando ya mto, nilichemsha chai, nikaitua sufuria ya moto juu ya ubao wa ubavuni bila kufikiri. Nilipoinyanyua, kulikuwa na duara jeusi. Nililia. Fundi alichukua patasi akaichonga sehemu iliyoungua, na kwa kuwa hakuwa na kipande cha mbao cha ziada, akaukata mpini wa nyundo yake, akautengeneza kiraka. Kiraka kikatoka na umbo la samaki, maana bila mkia kisingefunika alama yote. Hata hivyo pale juu ya mgongo wa samaki palibaki weusi kidogo, mwembamba kama mwezi mchanga.

Hedimasta alipopitisha kidole pale akauliza, "Hii nini?"

"Alama ya karakana yetu," Fundi akasema, macho makavu.

Wallahi, yule mzee aliipenda. Akawaita walimu wake waione, walimu nao wakaagiza vitanda, kwa sharti kila kimoja kiwe na samaki. Tangu siku hiyo hakuna kitanda kilichotoka kwetu bila samaki. Tukamchora mpaka juu ya mlango wa karakana, na hadi leo watu wanaingia kuuliza samaki bei gani. Kizuri hakikosi ila, wanasema wenyewe. Sisi ila yetu ndiyo iliyotulisha.

Miezi tisa tangu safari ile ilipotimia, akazaliwa binti yetu. Fundi akampokea mikononi, akamtazama sana, akasema mbele ya mkunga na mama mkwe, "Karibu, Hedimasta." Nilimfinya mpaka akaruka. Lakini jina likaganda. Hedimasta likawa Hedi, majirani wakadhani ni kifupi cha jina la ukoo. Mwenyewe kila alipouliza maana yake, baba yake alimjibu, "Ukikua." Sasa Hedi ana watoto wanaonyoa ndevu na bado hajakua.

Basi, turudi kwenye kijumba. Kitanda kiliingia humo wakati mimi nimekwenda kumuuguza dada yangu. Niliporudi nilikuta kimeshafungwa, kizito, miguu minene, godoro juu yake na shuka limetandikwa.

"Hiki umekitengeneza lini?"

"Siku nyingi," Fundi akasema, akaanza kupiga mluzi.

Fundi hapigi mluzi ila ana jambo. Nikadhani ni mvule mwingine tu amenificha, nikaacha.

Siku ya majaribio tulizunguka mtaa. Pikapu ilipotoka getini, nyuma ilikaa chini na pua ikatazama juu, kama mbwa anayesubiri mfupa. Tukaenda nayo hivyo hivyo mpaka kwa Spana, makenika wetu. Aliingia uvunguni, akakaa huko muda, akatoka anajifuta mikono.

"Mama, springi zimelala kabisa. Mkikutana na shimo moja la maana, mtarudi kwa miguu."

Alitupeleka kwenye mizani ya magari pale kinu cha nafaka. Mpimaji alichungulia kwenye kioo chake, akalichungulia na gari.

"Mmepakia saruji?"

"Vitu vya kulalia," nikamwambia, na aibu yangu nikaimeza.

Fundi akauliza kama springi zikiongezwa haitafaa. Spana akatikisa kichwa. "Ukiongeza springi, ekseli ndiyo itakatika. Punguza mzigo, Fundi. Mtaka yote hukosa yote."

Tukapunguza. Pipa likatoka, kabati likatoka, jiko na ile meza ya kushindana mieleka vikatoka. Tukarudi mizani, bado. Vilibaki viwili tu vyenye uzito wa kusema, kuta na kitanda, na mawingu ya mvua za kwanza yalishaanza kujikusanya mchana. Mvua zikianza, barabara ile ya mwisho huwa tope hadi mwaka unapogeuka. Na mwaka ukigeuka, funguo si zetu tena.

"Kitanda kitoke," nikasema tulipofika nyumbani. "Tutatandika godoro sakafuni."

"Kitanda hakitoki."

"Mzee, kitanda kile kina uzito wa ng'ombe."

"Hakitoki, Mama Hedi."

"Basi safari imekufa."

"Basi ife," akasema, akaenda zake karakana.

Hapo niliumia. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamwambia kwamba maisha yote nimeishi na mtu anayependa mbao kuliko watu, na kwamba akikaa gizani mwakani asije akaniuliza barabara inafananaje. Nilipoyasema tu nikatamani kuyarudisha. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kazi na randa mkononi, haparuzi chochote.

Mimi nikiwasha hasira sijui kuizima. Nilichukua nyundo na spana, nikapanda kwenye kile kijumba, nikasema kama yeye hatoi, nitatoa mwenyewe. Nikalivuta godoro, likaanguka upande.

Kwenye ubao wa ubavuni kulikuwa na samaki. Si ajabu, vitanda vyetu vyote vina samaki. Lakini wale wengine amewachonga juu ya ubao wenyewe. Huyu alikuwa kiraka cha mti mwingine, mweupe mweupe, mti wa mpini wa nyundo. Na juu ya mgongo wake palikuwa na ule weusi mwembamba.

Nikakaa pale pale sakafuni.

"Fundi!" nikaita. "Fundi, njoo!"

Alikuja akasimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake.

"Umekipata wapi?"

"Kwa wajukuu wa hedimasta," akasema. "Mzee mwenyewe alishatangulia zamani. Dereva wa lori linaloniletea mbao alinipa habari kwamba wanahama, wanagawa vitu. Nikawapelekea kitanda kipya kwa lori lile lile, nao wakanipa hiki."

"Na mimi usiniambie?"

"Nilitaka uinue godoro tukiwa kule. Pale mtoni, ulipochemshia chai." Akapangusa macho kwa mkono wa shati, yale macho yake mabovu. "Na kuna jingine. Nuru ikiisha kabisa, nataka nilale mahali ambapo mkono wangu unapajua."

Nililia kama nilivyolia siku ile ya sufuria. Na yeye alitafuta kitambaa akanipa, kina vumbi la mbao tupu, nikapiga chafya. Nilimpenda wakati ule mpaka nikamwonea huruma kwa kunioa.

Kisha nikasimama. "Kuta zitoke."

"Kuta?"

"Zote, na paa lake. Siku zile tulikuwa na kuta?"

"Na mgongo wako?"

"Mgongo wangu na kitanda hiki wanajuana."

"Na mvua ikitukuta?"

"Turubai si lipo?"

Fundi aliutazama mvule wake, miezi ya kazi, kila kiungo kimekaa kama kimezaliwa pale. Akapumua. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko cha zamani kinachoanzia tumboni. Jumamosi hiyo Spana na jirani walikuja kutusaidia kukishusha kijumba kizima kizima, maana Fundi alikataa kata kata kukivunja. Tukakiweka juu ya matofali pembeni mwa ua, na kuku wangu wakahamia. Sijui kama kuna kuku wengine duniani wanaolala nyumba ya mvule, lakini hawa wangu wameshaanza kuringa.

Kwenye mizani mpimaji alitutambua.

"Leo mmebeba nini?"

"Vitu vya kulalia," nikamwambia, safari hii kichwa juu. Akaturuhusu kwa mkono.

Jana mchana tulimaliza kufunga turubai. Lilikuwa jipya, la kijani, na Fundi alizikaza kamba zake kwa lile fundo ambalo mimi sijawahi kulielewa. Godoro likatandikwa, masufuria mawili yakaingia uvunguni, maji kwenye madumu. Tulikuwa tumebakiza kulala na kuamka.

"Hebu tujaribu kulala," Fundi akasema.

"Mchana kweupe?"

"Cheti cha ndoa si unacho?"

Tukapanda, kwa taabu, mimi nikimsukuma na yeye akinivuta. Tukalala chali chini ya turubai, jua likipenya kijani. Jirani alichungulia juu ya ukuta kutaka kutuuliza jambo, akakirudisha kichwa chake haraka. Fundi alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulitambaa kwenye ubao polepole, ukapita fundo la mti, ukapita msumari, mpaka ukamfikia samaki, ukatulia.

Simu ikalia. Hedi.

"Mama, mmeshaondoka?"

"Kesho kukipambazuka."

"Mbona sauti kama uko ndani ya gunia? Mko wapi?"

"Tumelala kwenye gari."

"Saa hizi? Kwani mnaumwa?"

Baba yake akaninyang'anya simu. "Hedimasta," akasema. Miaka mingi hakuwa amelitaja lote.

Kisha nikasikia sauti yake, ya yule mtoto aliyekuwa akikaa juu ya maranda karakana na kuuliza maswali. "Baba, hivi hilo jina utaniambia lini maana yake?"

"Uki..." Fundi alianza, akaishia hapo. Aligeuza uso akanitazama, na mimi nikamkubalia kwa kichwa.

"Umeshakua, mwanangu," akasema. "Maana yake nimeilalia hapa. Tunakuja nayo."

Nikamfinya, kama siku ile.