Mashine ya Kombe

Tangu bendera mpya ipande, Kombe alikuwa akiandika barua za kuomba mashine ya mashua, na siku ilipofika Msambweni, mwaka wa sitini na tano, hata uji hakunywa. Mwenyekiti mzima wa ushirika wa wavuvi, ndevu kifuani, anarukaruka ufukoni! Nani angemcheka? Mashine bure, petroli nusu bei, na juya jipya, wavu wa kukokota wa nailoni, juu yake. Serikali ilitaka jambo moja tu: samaki wapimwe kila mwezi, na uzito usipungue.

Akavuta kamba. Mashine ikanguruma, mashua ikaruka mbele, wanawake wakapiga vigelegele. Mwamba wa kaskazini, ambao kwa makasia ni jasho la asubuhi nzima, waliufikia chai haijapoa nyumbani. Loo! Kombe alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Walirudi adhuhuri mashua imejaa pomoni. Afisa wa samaki, Bwana Baya, akapima: ratili mia nne!

"Mzee Kombe, mmeula!"

Lakini kwa desturi yao, chombo kipya kikivua mara ya kwanza samaki hawauzwi, hugawiwa kila nyumba. Vikapu vikaja, Kombe akagawa kwa mikono yake huku akiitikia dua. Shangazi yake Bi Mwanafatuma, mkaanga samaki tangu Kombe hajazaliwa, akamwaga fungu lake mkekani.

"Shikamoo shangazi. Mbona hufurahi?"

"Marahaba, baba. Nafurahi sana. Niambie tu, hawa niwakaange au niwanyonyeshe?"

Kombe akainama. Tafi wa urefu wa kidole, mamia kwa mamia, ambao madema yao, mitego ile ya fito, yangewaachia wapite. Akapekua kikapu cha pili, cha tatu. Hivyo hivyo. Mwamba ule ndio uliowalisha wote, na kwa juya hili ungebaki mawe matupu kabla watoto wao hawajaota ndevu.

"Bwana Baya, mashine tunaitaka, wallahi tunaitaka. Juya tubadilishie, utupe la macho makubwa."

"Uzito utashuka, mzee. Msaada huu ni wote kwa pamoja, au hakuna."

"Mwenyekiti, usitufanyie hivyo!" vijana wakapiga kelele. Kombe mwenyewe alitaka kulia. Miaka miwili ya barua, na ameiendesha asubuhi moja tu!

"Ichukue," akasema.

Baya akaingia majini, akahangaika na zile skrubu nyuma ya mashua, akavuta huku, akagonga kule. Kombe akamtazama wee, akashindwa kuvumilia.

"Utaivunja, bwana. Hebu nipishe."

Akaifungua mwenyewe, akaipangusa maji ya chumvi kwa kikoi chake, akaibeba begani mpaka kwenye gari la afisa.