Nani Alimlea Maundu

Nilipomaliza kujumlisha, nilipiga meza hadi chai ikamwagika. Kati ya vijana arobaini waliopitia korti yetu ya Machakos mwaka huo wa 1998, ishirini na saba hawakuwa na baba nyumbani. Ishirini na saba! Mimi, Kamanthe, afisa wa probesheni mwenye miaka miwili tu kazini, nilikuwa nimegundua kinachozaa wezi. Utafiti wenyewe ulikuwa wa diploma yangu, lakini siku hiyo nilijiona profesa kabisa. Nilimsomea kila mtu ofisini, hata yule aliyeingia kuuliza choo kiko wapi.

Kijana wa arobaini aliitwa Maundu, wa miaka kumi na saba, kutoka Mitaboni. Alikuwa rumande, baada ya kukiri kwamba alivunja duka na wenzake wawili wakaiba redio. Hakimu alingoja ripoti yangu kuhusu malezi yake ili aamue: arudi nyumbani chini ya uangalizi wetu, au aende borstali, jela ya vijana, miaka mitatu. Nilipomuuliza jina la baba ili nijaze fomu, Maundu alisema hana. Sikuhitaji zaidi. Nilipendekeza borstali, nikaichapa ripoti kwa raha zangu.

Bosi wangu, Aloys, aliisoma akaniuliza kama nimefika kwao. Sikuwa nimefika. Alinirudishia karatasi, nami nikanuna njia nzima hadi Mitaboni, maana kesi ilikuwa kesho yake na jibu nilikuwa nalo tayari.

Boma lilikuwa limefagiwa vizuri. Mama mzee aitwaye Mbinya aliniketisha, akaniletea uji kabla hajaniuliza shida yangu. Nilimuuliza baba ya Maundu yuko wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mlango uko wapi naye amesimama mlangoni.

"Hii boma ni yangu," alisema. "Sikupata mtoto, kwa hivyo nikaoa mwanamke anizalie. Mimi ndio nilipeleka mbuzi kwa kina mama yake. Huyo mama alikufa Maundu akiwa darasa la pili, nikabaki na yeye. Ni wangu."

Niliona aibu hadi masikioni. Mimi ni Mkamba. Jirani ya nyanya yangu, mama asiyekuwa na mtoto, alioa mwanamke kwa njia hiyo hiyo, na watoto wa nyumba ile tulicheza nao miaka yote bila kuuliza baba yao ni nani. Lakini niliposhika kalamu ya serikali niliyasahau hayo yote, nikaamini fomu.

Hata hivyo nilijikaza. Nilimwambia labda ni mkono wa mwanamume uliokosekana, ndiyo sababu kijana akaiba. Mbinya hakukasirika. Alinieleza kwamba wale wenzake wawili wana baba, tena baba wenye sauti pale sokoni. Asubuhi baada ya wizi, mmoja alisafirishwa kwa mjomba wake Wamunyu, mwingine akapelekwa Nairobi. Hakuna aliyewauliza kitu.

"Na Maundu alikamatwaje?"

"Nani amkamate? Mimi ndio nilimpeleka polisi. Niliona redio chini ya kitanda, nikamwambia aibebe mwenyewe, tukaenda na miguu mpaka kituo."

Niliweka kikombe cha uji chini. Nilikuwa nimehesabu waliokamatwa, nikadhani nimehesabu wote waliofanya makosa! Waliofichwa na baba zao hawakuwa kwenye fomu zangu hata mmoja. Utafiti wangu wote ulikuwa umeanguka na, Mungu anisamehe, sijawahi kufurahi hivyo. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Nilitaka kujua ni wangapi kati ya wale arobaini waliletwa na watu wao wenyewe, na nilitaka kujua hapo hapo. Mbinya aliniambia nimalize uji kwanza.

Kesho yake kortini nilimwomba hakimu ruhusa ya kuondoa ripoti yangu. Niliongea haraka mno hadi akaniambia nipumue. Nilikiri kosa langu, nikaeleza ni nani alimlea kijana huyu na ni nani alimleta polisi. Maundu, aliyekuwa ameinama tangu aingie, aliinua kichwa.

Hakimu alimwita Mbinya mbele. Alimuuliza kwa upole, kwa kuwa yeye ni mzee na yuko peke yake, atahakikisha vipi kwamba kijana hataiba tena akirudishwa nyumbani.

Nilifumba macho, nikiomba Mbinya aape, alie, aseme lolote la kumlainisha hakimu.

"Siwezi kuhakikisha, mheshimiwa," alisema. "Lakini akiiba tena, nitamleta tena."

Maundu alianza kulia kwa sauti, kijana mrefu hivyo, na askari aliyekuwa kando yake akatazama pembeni. Hakimu aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akasoma uamuzi: mwaka mmoja chini ya uangalizi, nyumbani kwa mzazi wake.