Pembetatu ya Saba

Mwaka wakimbizi wa Burundi walipofurika Kigoma, nilikuwa na watoto sita wa chekechea pale Ujiji, na walinitosha. Ndipo jirani yangu Melania, mwanika dagaa, akaniletea wa saba: Ella, mtoto wa marehemu dada yake, aliyevuka ziwa kwa boti wiki ile. Siku nne mtoto alikaa mlangoni, hasemi, hashiki kitu. Mimi subira sikujaliwa. Nikamwambia Melania aje amchukue Ijumaa saa sita, amrudishe mwakani. Melania akanisihi, maana hakuwa na wa kumwachia. Nikakaza uzi.

Ijumaa hiyo nikakata pembetatu sita za katoni ya sabuni, kila mtoto moja. Wa mlangoni nilishamtoa kwenye hesabu. Somo lilikuwa kuzikutanisha ncha zote katikati, tupate umbo la pembe sita. Iddi aliigeuza yake ndani nje, Safina akaikalia yake asiibiwe, Dismasi akaing'ata kuonja. Baada ya vuta nikuvute umbo likatimia sakafuni, nami nikavimba kichwa. Nikauliza tumeunda nini.

Jibu likatoka mlangoni, kwa sauti nisiyoijua.

"Huyo hana umurizo. Ataogeleaje?"

Ella alikuwa amesimama. Akainama chini ya meza yangu, akaokota kipande cha katoni chenye pembe tatu nilichokitupa, akakisogeza hadi ncha yake ikagusa umbo letu. Ukawa mkia, ndio huo umurizo wake. Watoto wakalipuka kwamba ni kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, tena kuhe wa kulisha mtaa mzima, na Iddi akanieleza kwa huruma kuwa yule wangu alikuwa bado hajaisha.

Niliona haya, mtu mzima mimi. Sita walipewa pembetatu mkononi, na huyu alijiokotea takataka zangu.

Melania alipofika saa sita, kuhe alishavunjwa na pembetatu zote saba zilikuwa zikibishaniwa ziwe boti au nyumba. Ella alikuwa katikati ya ubishi, akimnyang'anya Dismasi ile aliyoiokota kabla haijaliwa. Melania akanikumbusha, macho chini, kwamba nilisema leo ndio mwisho.

"Nani kasema?" nikamjibu, wala sikumtazama. Nilikuwa nakata pembetatu za Jumatatu, na safari hii nilianza kwa kuhesabu watoto.